Q, Apollo na Thor: Je, "Miungu" wa Kwenye Muvi Wana Chimbuko Moja?



Wapendwa vijana, leo tuongee kidogo kuhusu muvi. Kama wewe ni mpenzi wa hadithi za sayansi ya kubuni, utakuwa umeshaona kwamba kuna aina ya wahusika wanaorudi kila mara: viumbe kutoka anga za mbali wenye uwezo mkubwa kiasi kwamba binadamu akikutana nao anawaita miungu. Wanapiga vidole, meli ya anga inahama upande mmoja wa galaksi hadi mwingine. Hawazeeki, wanasoma mawazo, wanaumba vitu papo hapo.

Mashabiki wana swali ambalo wamelibishania kwa miaka mingi: hawa wote wametoka wapi? Je, ni ukoo mmoja uliotawanyika, au kila mmoja ana asili yake?

Ukilisikia juu juu utasema ni swali la watu wasio na kazi. Lakini hebu tulifuate hadi mwisho, maana linatufikisha kwenye maneno ya mwanzo kabisa ya Nasadiki tunayoisali kila Dominika, na linagusa jinsi unavyosali, unavyoogopa na unavyochagua nani wa kumfuata.

Kwanza tuwatazame wenyewe

Tuanze na Star Trek, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966. Mwaka 1967 peke yake ilituletea watatu. Wa kwanza ni Trelane, bwana mmoja mwenye majivuno anayewachezea wanaanga kama midoli. Mwishoni tunagundua kuwa ni mtoto, na wazazi wake wanakuja kumgombeza. Wa pili ni Waorgania, wanaoonekana kama wanakijiji wapole, kumbe ni nguvu tupu isiyo na mwili, na wanazima vita kati ya dola mbili kubwa bila kutoka jasho. Wa tatu ni Apollo. Ndiyo, yule yule wa Wagiriki. Hadithi inasema alikuwa msafiri wa anga aliyefika duniani zamani, Wagiriki wakamwabudu, na sasa anataka kuabudiwa tena. Nguvu zake zinatoka kwenye hekalu lake. Hekalu linavunjwa, naye anafifia na kutoweka.

Mwaka 1987 akaja Q, maarufu kuliko wote. Yeye anawashitaki wanadamu wote kama vile ni hakimu wa ulimwengu.

Nje ya Star Trek wapo wengi. Katika muvi ya Stargate ya mwaka 1994 tunamkuta Ra wa Misri, ambaye ni kiumbe wa anga aliyejivika mwili wa binadamu. Tamthilia iliyofuata ikaongeza Waori, wanaolazimisha watu kuwaabudu kwa sababu ibada ya watu inawaongezea nguvu. Na Marvel wanajulikana na kila mtu: Thor, Odin, na katika Eternals ya mwaka 2021 wale majitu waitwao Celestials wanaotengeneza nyota na sayari.

Waandishi wenyewe wanajibuje?

Wengine wamejaribu kuunganisha ukoo. Mwaka 1994 mwandishi Peter David alitoa riwaya iitwayo Q-Squared, akamweka Trelane ndani ya jamii ya Q. Mashabiki wengi walifurahi, maana tabia zao zinafanana sana. Katika Stargate, Waori na wale waitwao Wakale walikuwa zamani taifa moja, wakagawanyika kwa sababu ya imani. Katika Eternals, Eternals wenyewe wametengenezwa na Celestials. Katika Babylon 5 kuna kundi la viumbe wa kale sana waitwao Wale wa Kwanza, na ndani yao yupo mmoja, Lorien, mwenye umri kuliko wote.

Waandishi wengine wanatoa njia ya kawaida zaidi: viumbe hawa walikuwa na miili kama sisi, wakaendelea polepole mpaka wakaivua miili yao. Waorgania ndivyo walivyo.

Na wapo wanaokiri waziwazi. Katika Thor ya mwaka 2013, Odin mwenyewe anamwambia Loki kwamba wao si miungu, wanazaliwa, wanaishi na wanakufa kama wanadamu. Loki anamkumbusha tu kwamba wanawazidi wanadamu kwa miaka kama 5000 hivi.

Sasa angalia jambo moja. Majibu haya yote, yawe ya ukoo mmoja au koo nyingi, yanaongea lugha moja: alitoka sayari gani, alizaliwa na nani, alipataje nguvu. Na kiumbe anayeweza kuulizwa hivyo akajibu, tayari ameshatuambia kwamba si Mungu. Ana kwao. Kuna wakati hakuwapo. Kuna kitu alikipokea. Apollo anahitaji hekalu, Waori wanahitaji waumini. Hata Q, katika hadithi moja ya mwaka 1990, jamii yake ilimnyang'anya nguvu zote akabaki mtu wa kawaida. Nguvu inayoweza kunyang'anywa ilikuwa ya kupewa.

Chimbuko la aina mbili

Hapa falsafa inatusaidia kutenganisha maswali mawili yanayofanana kwa maneno.

Swali la kwanza ni la historia: kitu hiki kilianzaje? Ukiniuliza wewe umetoka wapi, nitasema umetoka kwa baba na mama yako, nao kwa babu na bibi zako, na kuendelea nyuma.

Swali la pili ni la kina zaidi: kwa nini kitu hiki kipo hata sasa, wakati kingeweza kabisa kutokuwapo? Babu yako anaweza kuwa ameshafariki na wewe bado upo. Kwa hiyo babu hajibu swali hili la pili. Wala sayari uliyotoka hailijibu, wala umri wako. Kiumbe aliyeishi miaka bilioni moja bado anadaiwa jibu: kwa nini yupo leo?

Mtakatifu Thoma wa Akwino analieleza hivi. Katika vitu vyote tunavyovijua, *kitu ni nini* na *kwamba kipo* ni mambo mawili tofauti. Unaweza kujua kila kitu kuhusu Q, tabia zake, utani wake, uwezo wake, na bado asiwepo. Na kweli hayupo, ni wa kubuni. Maelezo yake yote hayawezi kumfanya awepo. Ili awepo angehitaji kupewa kuwapo, na kupewa kila dakika. Thoma anatoa mfano wa hewa na jua: hewa inang'aa muda wote jua linapoiangaza, lakini haihifadhi mwanga kama chupa inavyohifadhi maji. Jua likitoka, giza. Ndivyo viumbe walivyo mbele ya Mungu.

Chukua mfano wa huku kwetu. Umekaa na marafiki, simu yako inapata intaneti kwa hotspoti ya Juma. Juma naye anapata kwa hotspoti ya Anna. Anna anapata kwa mwingine. Mnaweza kuwa watu kumi au elfu kumi, lakini kama hakuna hata mmoja mwenye bando lake, hakuna ambaye angefungua hata ukurasa mmoja. Kuongeza idadi ya wanaopokea hakuleti mtoaji. Mfano una kikomo chake, maana mwenye bando naye alilinunua. Mungu hakununua kuwapo kwake popote. Yeye ndiye kuwapo kwenyewe.

Na hapo ndipo ninapokumbuka Kutoka 3:14. Musa anauliza jina, na Mungu hajibu kwa kutaja ukoo, mlima wala nchi. Anajitambulisha kuwa ndiye Aliye. Apollo asingeweza kujibu hivyo.

"Sawa, na Mungu naye nani alimuumba?"

Swali hili utaulizwa chuoni, na wakati mwingine litakuja lenyewe usiku umelala. Usiliogope, na usimnyamazishe anayeliuliza kwa kumwambia anakufuru.

Jibu ni kwamba swali linamhusu kila mwenye kuwapo kwa kupokea. Sisi hatusemi kila kitu kina aliyekiumba, halafu tukamwacha Mungu nje kwa upendeleo. Tunasema kila *anayepokea* anahitaji *anayetoa*, na kwamba msururu wa wanaopokea tu hauwezi kusimama. Lazima awepo ambaye hakupokea. Kumuuliza huyo alipokea kwa nani ni kama kuuliza chumvi imekolezwa chumvi gani.

Je, wanaweza kuwa wawili au watatu wa namna hiyo? Thoma analijibu katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 11. Kama wangekuwa wawili, lazima kuwe na kitu cha kuwatofautisha, ambacho mmoja anacho na mwingine hana. Basi yule asiyenacho amepungukiwa, na aliyepungukiwa siye utimilifu wote. Ndiyo maana "miungu" wanaweza kuwa wengi, wakagombana, wakapangwa kwa vyeo, lakini Mungu ni mmoja. Sisi Wakristo tunakiri Nafsi tatu, lakini hatukiri miungu mitatu: umungu ni ule ule mmoja, haukukatwa vipande.

Kwa hiyo jibu langu kwa mashabiki ni hili. Kwa maana ya ukoo, kila mwandishi apange atakavyo. Lakini kwa maana ya kina, ndiyo, wangekuwa na chimbuko moja wote, Q, Apollo, Thor na Lorien. Na ni lile lile la kwako, la sisimizi na la Malaika Mkuu Mikaeli. Mtume Paulo anaandika katika Wakolosai 1:16 kwamba vyote viliumbwa katika Kristo na kwa ajili yake, vya mbinguni na vya duniani, hata enzi na mamlaka za juu. Umbali kati yako na malaika ni mkubwa. Lakini umbali kati ya malaika na Mungu haupimiki.

Kanisa halina hofu na viumbe wa sayari nyingine

Kuna anayedhani kwamba siku wanasayansi wakigundua viumbe wenye akili huko nje, Kanisa litafunga milango. Hapana. Mwaka 1277 Askofu wa Paris, Étienne Tempier, alitoa orodha ya mafundisho 219 aliyoyakataza, na mojawapo ni lile lililodai kwamba Mungu hawezi kuumba dunia nyingi. Aliona kwamba kusema hivyo ni kumfunga Mungu mikono. Na mwaka 2008 Padre José Gabriel Funes, Mjesuiti aliyekuwa mkurugenzi wa Kituo cha Vatikani cha Kuchunguza Nyota, alieleza katika gazeti la Vatikani kwamba kukubali uwezekano wa viumbe hao hakupingani na imani yetu. Wangekuwa sehemu ya uumbaji, ndugu zetu.

Hatujui kama wapo. Lakini tukikutana nao kesho, hata wawe na uwezo wa Q, tutajua mahali pa kuwaweka: kwenye meza moja na sisi, upande wa walioumbwa.

Ario angezipenda muvi hizi

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Mwanzoni mwa karne ya nne padre mmoja wa Aleksandria aitwaye Ario alifundisha kwamba Mwana wa Mungu ni mkuu sana, wa kwanza na bora kuliko viumbe wote, ila naye aliumbwa. Kuna wakati hakuwapo. Kwa lugha ya leo, Ario alimfanya Yesu kuwa kiumbe mwenye uwezo wa kimungu. Mhusika mzuri sana wa muvi.

Mwaka 325 maaskofu walikutana Nisea wakakataa. Walikiri kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba, amezaliwa wala hakuumbwa. Atanasi, aliyekuwa shemasi tu pale Nisea, baadaye akawa askofu na kufukuzwa jimboni kwake mara tano kwa sababu ya kutetea ukweli huo.

Kwa nini mtu akubali kufukuzwa mara tano kwa ajili ya jambo hilo? Kwa sababu kama Yesu ni kiumbe, hata awe mkuu namna gani, basi msalabani alikufa mwenzetu mwenye nguvu, na Mungu mwenyewe alibaki mbali akitazama. Kiumbe anaweza kukupa mfano mzuri. Hawezi kukupa uzima wa Mungu, maana hana wa kwake wa kugawa.

Linganisha sasa. "Miungu" wa kwenye muvi wanakuja duniani kutafuta kitu: ibada, nguvu, burudani. Celestials wa Eternals wanaikuza dunia ili mmoja wao azaliwe ndani yake, na watu wanakuwa kama mbolea. Mungu wa kweli hahitaji chochote kutoka kwako, na kwa sababu hiyo anaweza kukupenda bure kabisa. Soma Wafilipi 2:6-8: yeye aliyekuwa na hali ya Mungu alijishusha, akawa mtumishi, akatii hadi kufa msalabani. Mwandishi wa kubuni angempa pigo la radi awamalize askari. Yeye aliwaombea msamaha.

Hili linakuhusuje wewe?

*Katika sala.* Wapo vijana wanaosali kana kwamba Mungu ni Q: mwenye nguvu, asiyetabirika, lazima umbembeleze asije akakasirika, au umpe kitu ili akupe kitu. Ukifeli mtihani unadhani anacheza na wewe. Ndugu yangu, Mungu si mshindani wako ndani ya ulimwengu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 300 na 301 inafundisha kwamba Mungu yupo juu ya viumbe vyote na wakati huo huo yupo ndani kabisa ya kila kiumbe, akikitegemeza kisitoweke. Hata nguvu unayoitumia kumlalamikia, anakupa yeye sasa hivi.

*Katika hofu.* Tunaishi na vijana wanaokosa usingizi kwa kuogopa majini, wachawi, Freemason na "nguvu za giza". Kanisa halikani kwamba shetani yupo. Lakini Katekisimu namba 395 inasema wazi kwamba uwezo wake una mpaka, naye ni kiumbe tu. Hana kuwapo kwa kujitegemea. Hakuna mungu mbaya wa kulingana na Mungu mwema, wakipigana sare mpaka dakika ya tisini. Kwa hiyo usiende kwa mganga kutafuta nguvu kubwa ya kuzima nguvu nyingine. Ungama, pokea Ekaristi, lala.

*Katika kumfuata mtu.* Soma Matendo ya Mitume sura ya 14. Paulo anamponya kiwete pale Listra, na watu wanaamua kwamba Barnaba ni Zeu na Paulo ni Herme. Kuhani analeta mafahali na mashada. Mitume wanararua nguo zao na kupiga kelele kwamba wao ni binadamu tu. Muda mfupi baadaye, watu wale wale wanachochewa na kumpiga Paulo mawe. Anayeabudu nguvu hana mizizi; kesho atabadilika. Na katika Ufunuo 22:8-9 Yohane anaanguka miguuni pa malaika, malaika anamkatalia na kumwambia amsujudie Mungu.

Hicho ni kipimo kizuri. Mtumishi wa kweli akiona umeanza kumwabudu, anashtuka. Ukimkuta nabii, mhubiri, msanii au kiongozi anayefurahia kupigiwa magoti na kuuza maji na mafuta kwa jina lake mwenyewe, kumbuka Apollo na hekalu lake. Muujiza peke yake haumpi mtu haki ya kuabudiwa. Katika Star Trek ya mwaka 1989, kiumbe anayejiita mungu anaomba apewe meli ya anga, na nahodha Kirk anamuuliza Mungu anahitaji meli ya nini. Wengine pale wanaona amekosa adabu, lakini lilikuwa swali la busara. Jifunze kuuliza hivyo.

Kazi ya wiki hii

Endelea kutazama muvi zako, sikukatazi. Ila Dominika hii, tunapokiri katika Nasadiki kwamba Mungu ni muumba wa vinavyoonekana na visivyoonekana, usipite haraka. Pale kwenye visivyoonekana, weka kila unachokiogopa na kila unachokistaajabia. Vyote vimo humo, na vyote vimeumbwa.

Kisha tafuta dakika 15 katikati ya wiki, ingia kanisani, piga goti mbele ya Tabernakulo. Yule ambaye galaksi zote zinamtegemea yupo pale, katika umbo la mkate, na hajataka meli. Anakutaka wewe.

Tusali: Ee Mungu wetu, wewe ndiwe Uliye, nasi tupo kwa sababu unatupenda. Utuondolee hofu ya vilivyoumbwa na tamaa ya kuabudu nguvu. Utufundishe kumtambua Mwanao, aliyekuja kwetu bila kutafuta faida, ili tumpende bila kutafuta faida. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.



Ndugu yenu, Frateri